Pale Joto Linapopunguza Kasi

Mwaka 1947 kijana aliyekuwa ametoka vitani alisafiri kutoka Cambridge hadi Preston, kwenye kiwanda cha taa cha Siemens, kuchukua taa ya zebaki. Jina lake George Porter, ofisa wa rada wa zamani katika jeshi la majini la Uingereza. Yeye na profesa wake, Ronald Norrish, walikuwa wakihangaika kuziona radikali huru, yaani vipande vya molekuli ambavyo vikikutana tu huungana na kutoweka. Walikuwa wamejaribu taa kubwa ya kijeshi, lakini mwanga wake haukufua dafu. Kule kiwandani Porter alizikuta taa za mmweko zikitengenezwa, akapata wazo: piga gesi mmweko mmoja mkali uivunje, kisha mmweko wa pili upige picha ya kilichomo.

Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka mingi, na katika historia ya somo hili sijaona chombo kinachonivutia kuliko hicho. Kapasita zilijazwa umeme, kisha zikaumwaga wote kwa mpigo ndani ya taa iliyolazwa sambamba na bomba la gesi. Norrish na Porter walitangaza kazi yao mwaka 1949. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1967, wakaigawana na Manfred Eigen.

Iodini ndiyo iliyotoa somo zuri kuliko yote. Mvuke wake ni wa zambarau. Mmweko unapopiga, molekuli zinavunjika kuwa atomu, na rangi inafifia. Atomu zinapoungana tena, zambarau inarudi. Mwanga mwembamba unapitishwa katika bomba, na upande wa pili kuna kifaa kinachougeuza kuwa mstari kwenye skrini. Mstari unaruka, halafu unateremka polepole. Mteremko huo ndio kasi ya kuungana.

Hapo ndipo wanafunzi wangu huinua vichwa. Kila mmoja amefundishwa kwamba ukiongeza joto, mmenyuko unakwenda mbio zaidi. Ni kweli kwa thiosalfeti na asidi tunazochanganya maabara. Lakini bomba la iodini lilipopashwa moto, atomu ziliungana kwa kasi ndogo zaidi! Russell na Simons waliyaona hayo Cambridge mwaka 1953. Kule California, Norman Davidson na wenzake walitumia mawimbi ya mshtuko kufika joto la zaidi ya nyuzi 700, na huko kasi ilikuwa chini zaidi.

Sababu yake ni hii. Atomu mbili zikikutana peke yao hubaki na nishati isiyo na pa kwenda, nazo huachana papo hapo. Lazima awepo wa tatu, atomu au molekuli nyingine, wa kuipokea. Porter alieleza kwamba mara nyingi huyo wa tatu huanza kushikana na atomu moja, kisha humkutanisha na mwenziwe, kama mshenga. Mshiko huo ni dhaifu, na joto huutikisa ukaachia. Molekuli ya iodini yenyewe hushika vizuri mno: inaifanya kazi hiyo kwa ufanisi wa mamia ya mara kuliko gesi ya argoni.

Mtu anaweza kudhani haya ni ya wataalamu tu, lakini sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Porter alitumia mmweko uleule kuiona radikali ya klorini na oksijeni, ClO. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mwaka 1987 Luisa na Mario Molina walionyesha njia: radikali mbili za ClO huungana, jua huivunja molekuli hiyo, klorini inaachiwa huru na kurudi kuila ozoni. Muungano huo hustawi kwenye baridi kali, na molekuli inayozaliwa husambaratika ikipata joto. Ndiyo maana anga ya Antaktika, yenye baridi ya chini ya nyuzi 78 hasi, iliumia kuliko anga yetu ya tropiki.

Mwaka huohuo wa 1987 Itifaki ya Montreal ya kulinda ozoni ilitiwa saini, na sekretarieti yake iko Nairobi. Walimu wenzangu, mnapofundisha kasi ya mimenyuko, msiishie kwenye thiosalfeti. Wapeni vijana na iodini.