Mugariga, kikombe na msitu

Machi 2011, wagonjwa kutoka Singida na Kondoa walipita Babati wakielekea Makuyuni, Mto wa Mbu na hatimaye Samunge, Loliondo. Huko mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini, na wapo waliofia humo. Dawa yenyewe ilikuwa mizizi ya mugariga iliyochemshwa.

Wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Wafugaji walishangaa kidogo tu. Mugariga, Carissa spinarum kwa wataalamu wa mimea, ni kichaka cha kawaida kabisa: miiba mikali, maua meupe yanayonukia, utomvu kama maziwa, na matunda meusi ambayo watoto wachungaji huyachuma njiani. Wamaasai huuita olamuriaki na tangu zamani huchemsha mizizi yake pamoja na supu ya nyama. Alichoongeza Babu ni ndoto aliyosema imetoka kwa Mungu, na ahadi ya kuponya UKIMWI, kisukari na saratani. Ahadi hiyo haikuthibitishwa, na inauma kukumbuka kwamba wapo walioacha dawa za ARV kwa kuiamini.

Katika kelele zile swali moja halikupewa nafasi: mizizi inatoka wapi, na ikiisha? Anayechuma jani huacha mti. Anayechimba mzizi aghalabu huuua.

Babati ilikuwa imeshalijibu swali la namna hiyo. Kusini-magharibi mwa mji kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, takriban hekta 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya msitu huo hifadhi yake. Wanavijiji, wengi wao Wagorowa, waliona unawaponyoka, wengine wakakimbilia kukata kabla hawajafungiwa. Ndipo vijiji vinane, vikiwemo Duru, Ayasanda, Riroda na Gidas, vikataka kuulinda vyenyewe. Serikali ikaacha mpango wake, na kufikia 1995 vijiji vilikuwa na sheria ndogo. Kuchoma mkaa na kubandua magome kuzunguka shina vikapigwa marufuku. Kutafuta dawa na matunda kukaruhusiwa. Walinzi walikuwa vijana wa vijiji hivyo hivyo, watu wanaojua nani anachimba nini na wapi. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaitambua misitu ya vijiji nchi nzima.