Rais Huingia wa Mwisho

Siku Rais anapokwenda Dodoma kulifungua Bunge jipya, macho ya wengi huvutwa na vinavyong'aa: gwaride, joho la Spika, msafara unaotanguliwa na siwa mikononi mwa Mpambe wa Bunge. Ndipo husikika lawama ya zamani kwamba haya ni mabaki ya London yasiyo na kazi katika jamhuri. Kwa upande wa vazi na fimbo lawama hiyo ina ukweli, ingawa pwani yetu ilikuwa na siwa zake, ya shaba Lamu na ya pembe za ndovu Pate, zilizopulizwa katika shughuli za wakubwa karne nyingi kabla ya Bunge. (Ya Bunge haipulizwi.) Lakini uzito wa ufunguzi haumo katika vyombo hivyo. Umo katika mpangilio wake, yaani nani anatangulia na nani anasubiri, na mpangilio huo una historia ambayo Waingereza hawakutukabidhi ikiwa tayari.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza Desemba 1926, aliyelifungua alikuwa Gavana Donald Cameron, na aliyeliongoza ni yeye yule. Wajumbe wote walikuwa wa kuteuliwa, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Machifu wawili, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945 tu. Katika baraza la namna hiyo sherehe ilikuwa tangazo la mwenye nyumba kwa wageni wake. Badiliko kubwa lilikuja kimyakimya mwaka 1953, Gavana alipoacha kiti na Spika akakikalia. Kuanzia hapo mkuu wa serikali alipotaka kusema na wajumbe, alimkuta mtu mwingine mbele yao. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1962, kiti hicho kilikuwa cha Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani.

Leo Katibu wa Bunge husoma tangazo la Rais la kuliitisha Bunge, wabunge humchagua Spika, kisha mmoja mmoja huapa, huyu akishika Msahafu, yule Biblia. Jina la Waziri Mkuu nalo huletwa lithibitishwe kwa kura. Baada ya hayo ndipo Rais huja kuhutubia na kufungua rasmi, kama ibara ya 91 ya Katiba inavyomtaka. London, tangu Charles wa Kwanza alipoingia na askari kuwakamata wabunge watano mwaka 1642, hakuna mfalme aliyekanyaga tena ukumbi wa wawakilishi wakiwa kikaoni. Hotuba husomwa katika nyumba ya mabwana. Sisi tuna ukumbi mmoja, kwa hiyo Rais huingia humohumo. Kinachomtenganisha na Gavana wa 1926 ni kwamba anaingia nyumba ambayo imekwisha kujiunda.

Kuna pingamizi zito zaidi kuliko lile la joho. Mpangilio huu ulikuwapo miaka yote ya chama kimoja, na haukuwasaidia wabunge waliopoteza viti mwaka 1968 kwa kufukuzwa TANU. Tena Katiba yenyewe, katika ibara ya 62, inamhesabu Rais kuwa sehemu ya Bunge. Mgeni gani huyo? Nakubali kwamba utaratibu haumlindi mbunge dhidi ya chama chake. Ila pingamizi hili linauliza kama utaratibu unatosha, nami nauliza unafanya nini pale ushindani unaporudi. Novemba 2010 wabunge wa Chadema walitoka ukumbini Rais Kikwete alipoanza kuhutubia. Novemba 2015 wapinzani walimzomea Rais Magufuli kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar, hadi Spika Job Ndugai akawaamuru watoke. Wengi waliona utovu wa adabu, na huenda ulikuwapo. Hata hivyo hakuna aliyepoteza kiti kwa kutozisikiliza hotuba hizo, kwa kuwa kiapo kilikwisha kuliwa kabla Rais hajafika. Waliotoka mwaka 2010 walirudi kama Kambi Rasmi ya Upinzani, Freeman Mbowe akiwa kiongozi wao, na kuijadili serikali ambayo hotuba yake walikuwa wameikataa.