Kutoka Limuru hadi Butere: Wanawake, Uaskofu na Lugha ya Cheo katika Kanisa la Kianglikana

Suala la wanawake kupewa daraja la ukasisi huzungumzwa mara nyingi katika Afrika ya Mashariki kana kwamba ni hoja ngeni iliyoletwa kutoka ng'ambo juzijuzi. Historia yaonyesha vingine. Mwaka 1971 Baraza la Ushauri la Waanglikana lilifanya mkutano wake wa kwanza Limuru, nchini Kenya. Askofu wa Hong Kong alitaka kujua iwapo angeweza kuwafanya wanawake makasisi. Kwa kura 24 dhidi ya 22, Baraza lilijibu kwamba hatua hiyo ingekubalika kwake, mradi sinodi ya askofu huyo iiridhie. Kabla ya mwaka kwisha, Jane Hwang na Joyce Bennett walikuwa wamekwisha kuwekewa mikono.

Katika nchi ilikopigwa kura hiyo, ilipita miaka 12 kabla Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini hajamfanya Lucia Okuthe kasisi, mwaka 1983. Wapresbiteri walikuwa wametangulia: Nyambura Njoroge alipata daraja hilo mwaka 1982. Ukawiaji huo hauelezeki kwa mila peke yake, ingawa ndiyo sababu inayotajwa kwanza. Uamuzi wa Limuru ulifungua mlango bila kumlazimisha yeyote kuingia. Mengi yalitegemea msimamo wa askofu aliyekuwapo na sinodi yake. Uaskofu ulichelewa zaidi. Mwaka 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwezi Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Nusu karne ilikuwa imepita.

Kiswahili chenyewe hakikuweka kizuizi. Askofu, kasisi na shemasi ni maneno yaliyotufikia kupitia Kiarabu, nayo yalipoingia katika ngeli ya A-WA yaliacha nyuma jinsia yake ya kisarufi. Hata mchungaji hubeba mume na mke sawia, japo katika jamii nyingi za wafugaji kuchunga ni kazi ya wavulana. Kikwazo kimo katika uitaji. Askofu huitwa Baba Askofu; Mama Askofu, kwa mazoea ya waumini, ni mkewe. Vivyo hivyo Mama Mchungaji. Hivyo muumini anayemwita askofu mwanamke Mama Askofu, tena kwa heshima kamili, humpa jina ambalo kwa miaka mingi lilimtambulisha mtu kwa ndoa yake, wala si kwa daraja lake.

Jambo hili si dogo kwa wanaoandaa katiba za makanisa, taratibu za ibada na itifaki za hafla za serikali. Katika maandishi rasmi, neno Askofu likifuatwa na jina la mhusika latosha. Katika mazungumzo, waumini wataamua wenyewe, kama walivyozoea. Nao watalazimika pia kumtafutia mume wa askofu jina la kumwita, maana desturi haijampa.