Faharasa Iliyozaliwa Kabla ya Kompyuta

Jina la kata ya Shighatini, kule Upare Kaskazini wilayani Mwanga, lina h ambayo ni rahisi kuidondosha. Ukoo wa Mmbaga nao hivyo hivyo: karani mmoja anaandika m mbili, mwingine moja. Ukitafuta kwenye kanzidata kwa herufi zilezile ulizozoea, mtu yupo lakini haonekani. Na kama jina hilo ndilo la kulipia mafao ya uzeeni, hapo si mchezo.

Dawa ilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipata hataza ya kupanga majina kwa jinsi yanavyosikika. Mbinu iliyotokana nayo inaitwa Soundex: bakiza herufi ya kwanza, ondoa irabu pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zinazokaribiana kisauti zipe namba moja. Mmbaga na Mbaga yote yanatoa M120. Shighatini na Shigatini, S235. Marekani ilipopitisha sheria ya pensheni mwaka 1935, wazee wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Makarani wakanakili sensa za zamani kwenye kadi na kuzipanga kwa msimbo huo, ili umri wa mtu uthibitishwe.

Yaani hesabu ilifanyika mara moja tu, wakati wa kuandika kadi. Aliyekuja kuuliza alikwenda moja kwa moja kwenye droo yake.

Kanzidata zilichelewa. Faharasa ya kawaida hupanga data ya safu kama ilivyo. Ukitafuta kwa msimbo, kompyuta inapiga hesabu mstari kwa mstari. Oracle 8i ya 1999 ikaruhusu faharasa juu ya matokeo ya kanuni. SQLite ikafuata 2015, MySQL 2018. Sharti ni kwamba kanuni itoe jibu lilelile siku zote. Mwaka wa kuzaliwa unafaa. Umri wa leo haufai, maana kesho unaweza kubadilika.

Ila Soundex ilitungwa kwa masikio ya Kimarekani. Kwake Mruma ni M650 na Mluma ni M450, wakati kwetu r na l hubadilishana kila siku. Faharasa hupanga chochote inachopewa, haijui Kipare wala Kiswahili. Kanuni ya majina yetu tuitunge wenyewe, r na l zipate namba moja, halafu ndipo tujenge faharasa juu yake.