Mnoko Katoka Wapi?

Katika misimu ya vijana wa Tanzania, ni maneno machache yanayouma kama mnoko. Mnoko ni kiranja anayezima taa saa nne kamili, hadithi ndiyo kwanza imenoga. Ni mjomba anayesimamisha muziki harusini eti kibali kinaisha saa sita. Wapo wanafasihi wenzetu wanaoliona neno hili kuwa uhuni wa mitaani tu, lisilo na historia. Tunapingana nao.

Katika kitabu chake cha Kiunguja cha mwaka 1870, Edward Steere alitaja wakuu watatu wa shamba: msimamizi, nokoa na kadamu. Nokoa, wa pili kwa cheo, aghalabu alikuwa mtumwa. Yaani mtumwa akiwasimamia watumwa wenziwe. Frederick Johnson naye aliliweka neno hilo katika kamusi yake ya 1939, miaka 42 baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897.

Rai yetu ni kwamba mnoko ni mjukuu wa nokoa. Irabu ya mwisho imedondoka, na neno lililokuwa na wingi wa manokoa likahamia ngeli ya mtu: mnoko, wanoko, kisha unoko. Anayedai ni sadfa atueleze mbona na maana imefuatana. Tena si neno la kwanza kupita njia hiyo. Nyapara aliongoza wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Baadaye tunamkuta gerezani akiwasimamia wafungwa, naye mwenyewe ni mfungwa.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama kidogo. Hivi hasira ya lugha imemwangukia nani? Mwenye shamba kaponea chupuchupu: umwinyi ni uvivu wa kustarehe, watu huucheka yakaisha. Shafi Adam Shafi alimgeukia bwana mwenyewe katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), lakini mitaani chuki imebaki kwa mtumwa aliyepewa madaraka kiduchu, ambaye angelegeza kamba angeadhibiwa yeye.

Na mambo hayaishii shambani, jamani. Karani anayekataa chai ili faili lisogee naye huitwa mnoko. Yule anayeipokea ndiye mtu wa watu.