Tuhuma Kabla ya Kipimo

Kabalagala haikosi watu usiku. Baa zake, nyama choma, muziki na bodaboda zimeupa mtaa huu wa Makindye, Kampala, jina hata nje ya Uganda, na jina hilo humwangukia hata mama ambaye kazi yake ni kuuza matooke mchana. Akienda kliniki akisema tumbo linamkata chini ya kitovu, swali la kwanza linaweza kuwa analala na nani. Anapewa vidonge vya magonjwa ya zinaa na kurudi nyumbani. Mwezi ukiisha, hedhi inakuja na maumivu ni yale yale.

Tuhuma hiyo ni ya zamani kuliko baa zote za Kabalagala. Mwaka 1907 Uingereza ilimtuma Uganda Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi, kuchunguza kaswende. Alirudi na hesabu za kutisha: zaidi ya nusu ya watu, alidai, walikuwa wameambukizwa. Linaloniumiza zaidi katika taarifa yake ni sababu aliyoitoa. Zamani, alisema, wanawake wa Buganda walilindwa kwa ukali na waume na machifu. Ukristo ulipokuja na desturi zile zikalegea, wanawake wakawa huru, na uhuru wao ndio ulioeneza ugonjwa. Kwa maelezo hayo, mwili wa mwanamke uliingia katika vitabu vya tiba vya Uganda ukiwa mshtakiwa.

Serikali ilijibu kwa kampeni kubwa. Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya leo, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, na enzi hizo moja ya dawa kuu za kaswende ilikuwa zebaki, yenye sumu. Miongo kadhaa baadaye hesabu zile zilianza kutiliwa shaka. J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kampala, alichapisha mwaka 1956 historia ya kaswende nchini, na wanahistoria waliomfuata wakaeleza kwamba wengi waliohesabiwa huenda walikuwa na buba au aina ya kaswende isiyoambukizwa kwa ngono. Vijidudu vya magonjwa haya ni ndugu, na hata kipimo cha damu hakikuweza kuvitofautisha. Tarakimu zikasahihishwa katika majarida. Mazoea ya kumshuku mwanamke hayakusahihishwa na mtu.

Kilima jirani, Nsambya, kina historia ya namna nyingine. Masista Wafransisko walifika hapo mwaka 1903 miongoni mwao Mama Kevin, yaani Teresa Kearney wa Ireland, na huduma yao ya dawa ndiyo iliyozaa hospitali inayotegemewa na Kabalagala hadi leo. Hata hivyo, hadi Roma ilipobadili msimamo mwaka 1936, mtawa hakuruhusiwa kufanya kazi ya ukunga. Angeweza kufunga kidonda cha mwanamume yeyote, lakini mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ilibidi ahudumiwe na mlei, kwa sababu kuzaa kwake kulidhaniwa kuuchafua usafi wa nadhiri.

Wakati huohuo, Marekani, daktari Joe Meigs wa Boston alikuwa akifundisha kwamba endometriosi huwapata zaidi wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuzaa. Huu ni ugonjwa ambapo tishu inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu makali. Kwa fikra hiyo, mwanamke mweusi, aliyedhaniwa kuwa maskini na kuzaa mapema, akawa nje ya hesabu. Mwaka 1976 Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya kuwachunguza kwa kamera ya tumboni wanawake weusi 190. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosi, na asilimia 40 ya hao walikuwa wameambiwa kwamba wana uambukizo wa nyonga, ule unaohusishwa na ngono. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unamgusa takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa.

Muuguzi anayeanza na dawa ya uambukizo hakosei. Uambukizo ukiachwa huharibu mirija na kuleta ugumba, na maabara haipo kila mahali. Kosa ni kumrudishia dawa ileile mwanamke anayekuja kwa mara ya tatu, kisha kumtazama kana kwamba anaficha jambo. Upasuaji wa kamera wa kuthibitisha endometriosi ni ghali, lakini hata mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu kuanza tiba bila huo. Dada anayesoma haya aende na majibu haya mkononi: maumivu huanza siku ngapi kabla ya hedhi, huzidi wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, yamemkosesha kazi mara ngapi, na dawa alizokwisha kupewa ni zipi. Akiulizwa tena analala na nani, ajibu, kisha adai maswali haya mengine yaandikwe kwenye faili lake.