Ramsay MacDonald: wachimbaji walimwangusha, wenye diploma wakamrudisha

Kule Uingereza waziri mkuu anabakia depite wa jimbo lake. Hapa kwetu Congo, depite akiitwa serikalini, suppléant wake njo anakalia kiti. Kule hapana: hata uwe mkubwa namna gani, siku ya uchaguzi unarudi kwa watu wa jimbo lako, na wanaweza kukufukuza.

Tuangalie Ramsay MacDonald. Mwaka 1924 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Labour, chama cha wafanyakazi. Wakati ule alikuwa depite wa Aberavon, kule Wales. Mwaka 1929 alihamia Seaham, jimbo la wachimbaji wa makaa ya mawe, akarudi madarakani. Agosti 1931 serikali ikakosa pesa. Mawaziri wakagawanyika: je, wapunguze kwa asilimia 10 msaada wa watu wasio na kazi? MacDonald akaunda serikali mpya na Conservative, wapinzani wake wa jana. Chama chake kikamfukuza.

Seaham walimvumilia mara moja, Oktoba 1931. Novemba 1935 wakasema basi. Walimchagua Emanuel Shinwell, ambaye zamani alishughulikia migodi katika serikali ya MacDonald mwenyewe.

Sasa hapa njo inatuhusu sisi wenye diploma. Wakati ule universite zilikuwa na madepite wao. Aliyemaliza masomo aliweza kupiga kura mbili: moja nyumbani, ingine ya universite. Januari 1936 wasomi wa St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh wakampa MacDonald kiti, na alikufa nacho mwaka 1937. Na mnajua? Mwaka 1931 serikali yake ya Labour ilijaribu kufuta viti vya namna hiyo, ikashindwa bungeni! Sheria ya 1948 njo ilivifuta.

Mwaka 2024 Liz Truss, aliyekuwa waziri mkuu, alishindwa ku South West Norfolk kwa kura 630 tu. Mara hii hapakuwa tena mlango wa wasomi.

Tunapendaga kusema kura ya msomi ingepaswa kuwa na uzito kuliko ya mama wa sokoni. Lakini ku Seaham, wale waliokatwa pesa njo walijua bei ya uamuzi ule. Sisi tungemrudisha? Mnasemaje?